Makundi mawili, madodoso mawili: tofauti ni ya nani?

Serikali ikitaka kujua ni kitu gani kitamvuta tabibu mpya akafanye kazi kwenye zahanati ya kijijini, inaweza kumuuliza waziwazi, naye atajibu kwamba anataka yote: mshahara mnono, nyumba nzuri, vifaa vya kutosha, nafasi ya kwenda kusoma. Jibu hilo halimsaidii anayepanga bajeti. Ndiyo maana watafiti wa uchumi wa afya wamelitegemea sana jaribio la machaguo. Mhojiwa anaonyeshwa kadi yenye ajira mbili. Ya kwanza ina posho nzuri ya mazingira magumu, lakini haina nyumba ya mtumishi, na ruhusa ya kwenda kujiendeleza kimasomo inapatikana baada ya miaka sita. Ya pili ina nyumba na ruhusa ya masomo baada ya miaka miwili, ila posho yake ni ndogo. Achague moja. Inafuata kadi nyingine, na nyingine tena, viwango vikibadilishwa kwa mpangilio maalumu, hadi mtafiti aweze kukadiria kila sifa ina uzito gani na mhojiwa yuko tayari kuachia shilingi ngapi ili aipate. Mizizi yake ni ya zamani: wazo la Kelvin Lancaster la mwaka 1966 kwamba mtu anapochagua kitu huwa anachagua sifa zilizomo ndani yake, na hesabu za Daniel McFadden za mwaka 1974, ambazo zilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000.

Mtunga sera haridhiki na matokeo ya kundi moja, anataka kulinganisha. Utafiti wa Julie Riise Kolstad kuhusu matabibu wa Tanzania waliokuwa wakikaribia kuhitimu, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba nafasi ya masomo ni kivutio kikubwa pamoja na mshahara na posho, kisha ukaenda mbele na kutenganisha wanawake na wanaume. Mwaka 2010 Duane Blaauw na wenzake walichapisha matokeo ya wauguzi wahitimu wa Kenya, Afrika Kusini na Thailand: katika nchi mbili za kwanza fursa za masomo na posho ya vijijini ndizo zilizoonekana kuwa na nguvu zaidi, na Thailand ikawa ni bima bora ya afya. Mjini Moshi mapendeleo ya watu kuhusu upimaji wa VVU yamechunguzwa kwa njia hii hii, kwa wakazi wa kawaida na pia kwa wahudumu wa baa wa kike na wapagazi wa kiume wa Mlima Kilimanjaro. Katika kila mfano, swali linalomgusa mwenye mamlaka ni moja: je, kundi hili linataka kitu tofauti na lile? Na swali hilo huwa gumu sana pale makundi yanapojibu madodoso yasiyofanana. Lile moja lilikuwa na kadi nane na hili lina kumi na sita; lile lilitaja sifa tano na hili saba; huku mhojiwa aliruhusiwa kusema "sitaki yoyote" na kule alilazimika kuchagua. Msimamo ninaoutetea hapa ni kwamba tofauti ya namna hiyo haiwezi kufasiriwa kwa hesabu peke yake, hata hesabu iwe ya kisasa kiasi gani, ikiwa kundi na dodoso vilitembea pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa utafiti. Dawa yake inatengenezwa kabla ya kwenda uwandani.

Kizingiti cha kwanza kinafahamika kwa wataalamu, ingawa bado kinawakwaza wengi. Modeli ya lojiti inayotumiwa kuchambua machaguo haya haikadirii uzito wa sifa wenyewe; inakadiria uzito uliokwisha kugawanywa kwa kiasi cha kelele kilichomo ndani ya majibu. Kwa kelele nina maana ya kila kitu kilichosukuma chaguo lakini mtafiti hakukiona: mambo binafsi ya mhojiwa, uchovu, kadi isiyoeleweka, kidole kilichoteleza kwenye kishikwambi. Tuseme kundi A limetoa uzito wa 0.4 kwa kila shilingi 100,000 za nyongeza na 1.2 kwa nafasi ya masomo, na kundi B limetoa 0.2 na 0.6. Msomaji asiyejua atasema B hawajali masomo kama A; namba yao ni nusu. Lakini gawanya uzito wa masomo kwa uzito wa pesa, na kwa wote wawili utapata 3: nafasi ya masomo ina thamani ya shilingi 300,000 kwa A na shilingi 300,000 kwa B. Wanataka vitu vilevile kwa uwiano uleule. Kilichotofautiana ni kwamba majibu ya B yana kelele maradufu. Na kosa hili haliishii kwenye jedwali. Ukiweka ajira mbili zinazolingana kwa kila kitu isipokuwa masomo, modeli itatabiri kwamba asilimia 77 ya A watachagua ile yenye masomo, na asilimia 65 tu ya B. Ofisa wa wizara anayesoma utabiri huo ataamini kuwa mpango wa masomo utafua dafu kwa kundi moja kuliko jingine, kumbe pengine alichosoma ni uchovu wa watu waliopewa dodoso refu.

Joffre Swait na Jordan Louviere walipendekeza mwaka 1993 njia ya kulitatua hili. Kwanza kila kundi linakadiriwa peke yake. Kisha data zinaunganishwa, uzito unalazimishwa kuwa mmoja kwa wote, ila kiasi cha kelele kinaachwa huru kutofautiana. Ikiwa modeli iliyounganishwa inaeleza data karibu sawa na zile mbili zilizotengwa, tunasema mapendeleo ni yaleyale na kelele ndizo tofauti. Picha yake ni rahisi kuiona. Chora grafu, uzito wa kundi A kwenye mhimili wa chini na wa kundi B kwenye mhimili wa wima, na kila sifa iwe nukta moja. Mshahara uangukie 0.4 na 0.2, masomo 1.2 na 0.6, nyumba 0.5 na 0.25. Nukta zote zinakaa kwenye mstari ulionyooka unaopita kwenye sufuri, kwa sababu kelele hupunguza kila kitu kwa kiwango kimoja. Sasa ongeza nukta ya vifaa vya tiba iliyo kwenye 0.3 kwa A na 0.6 kwa B. Nukta hiyo imeruka mbali na mstari, na hakuna kiasi cha kelele kinachoweza kuieleza, maana kelele haziwezi kushusha sifa tatu na wakati huohuo kuipandisha ya nne.

Kwa kipimo hiki, matokeo ya Kolstad kuhusu jinsia yanastahili kuaminiwa zaidi kuliko tofauti nyingi zinazochapishwa. Aligundua kwamba wanawake walivutwa na pesa kidogo kuliko wanaume, na walijali zaidi mambo yanayowawezesha kufanya kazi yao vizuri. Kitu kimoja kimeshuka na kingine kimepanda. Kelele peke yake hazitoi umbo la namna hiyo. Linganisha na kisa kilichoelezwa na mwanasosholojia Paul Allison mwaka 1999, nje ya majaribio ya machaguo lakini kwa hesabu za ukoo uleule. Alichambua upandishwaji vyeo wa wanabiokemia wa Marekani, ambako idadi ya makala zilizochapishwa ilionekana kuwanufaisha wanaume kuliko wanawake. Aliporuhusu uwezekano kwamba mambo yasiyopimwa yalitofautiana kwa ukubwa kati ya jinsia hizo mbili, ushahidi wa tofauti hiyo ulififia. Hitimisho zito kuhusu haki kazini lilikuwa limeegemea dhana ambayo hakuna aliyeijaribu.

Watafiti wengi wakifika hapa huona wamemaliza. Wamefanya jaribio la Swait na Louviere, wameandika kwamba kelele zimezingatiwa, basi. Mimi naona hapa ndipo tatizo la madodoso tofauti linapoanza hasa. Dodoso hugusa matokeo kwa njia mbili, na jaribio lile linashughulikia moja tu. Njia ya kwanza ni kuongeza au kupunguza kelele zote kwa pamoja. Sebastián Caussade na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2005 kwa data za madereva wa Santiago, Chile: walibadilisha idadi ya kadi, ya machaguo ndani ya kadi, ya sifa, ya viwango na upana wa viwango, na vyote vikagusa kiasi cha kelele, idadi ya sifa ikiwa miongoni mwa vilivyogusa zaidi. Mwaka 2008 Louviere na wenzake wakaongeza jambo ambalo lingepaswa kumshtua kila anayesanifu dodoso: mipangilio iliyo fanisi zaidi kitakwimu ilizaa majibu yasiyo thabiti. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa. Mpangilio fanisi hukusanya habari nyingi kwa kuzitofautisha ajira mbili kwenye karibu kila sifa, hivyo kila kadi inakuwa mzigo wa kupima hili dhidi ya lile. Mwanatakwimu anapata alichokitaka kwenye karatasi, na mhojiwa anaanza kubahatisha.

Njia ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu dodoso hugusa sifa mojamoja, na hivyo hujivika sura ya mapendeleo. Chukua upana wa viwango vya pesa. Dodoso la kwanza lina posho kati ya shilingi 50,000 na 150,000, la pili kati ya 200,000 na 600,000. Watu wengi huisoma posho kwa kuilinganisha na kiwango cha juu na cha chini walichokiona kwenye kadi zenyewe, kwa hiyo shilingi 100,000 inakuwa kitu kikubwa kwenye dodoso la kwanza na kitu kidogo kwenye la pili. Tuseme uzito wa kila 100,000 ni 0.8 kwa la kwanza na 0.4 kwa la pili, na uzito wa nyumba ni 0.8 kwa yote mawili. Nyumba imekuwa na thamani ya shilingi 100,000 kwa kundi moja na 200,000 kwa jingine. Kwenye grafu, nukta ya pesa imeruka kutoka kwenye mstari, jaribio la Swait na Louviere litakataa usawa, na mtafiti ataandika kwa unyofu kwamba mapendeleo ni tofauti. Huenda watu hao wangekuwa ndugu mapacha. Kuongeza sifa kunaleta jambo linalofanana: mhojiwa aliyelemewa huacha kuziangalia baadhi ya sifa, na anazoziacha huwa ni zile zisizomwelemea rohoni au zilizoandikwa mwisho wa kadi, kwa hiyo uzito wake unashuka na wa nyingine unabaki. Nafasi ya kusema "sitaki yoyote" nayo hubadilisha watu ambao machaguo yao ndiyo yanayohesabika. Tabibu asiyekusudia kamwe kwenda kijijini, akilazimishwa, atachagua ajira ya kijijini iliyo na afadhali, na machaguo yake yatachanganywa na ya wale walio tayari kwenda.

Hoja inayotolewa mara nyingi zaidi dhidi ya wasiwasi huu ni kwamba uwiano unaondoa kelele, hivyo tulinganishe utayari wa kulipa na mambo yaishe. Ni kweli uwiano unaondoa kelele. Mfano wa shilingi 300,000 umeonyesha hivyo. Lakini uwiano una namba ya chini, nayo ni uzito wa pesa, na mfano wa nyumba umeonyesha namna upana wa viwango unavyoweza kuiyumbisha namba hiyo na kuipotosha thamani ya sifa zote kwa mpigo. Pia makundi mawili yenye kipato tofauti hayaioni shilingi kwa jicho moja. Uwiano ni dawa nzuri kwa ugonjwa wa kwanza na haufiki kwenye wa pili. Hoja nyingine husema modeli mpya, zinazoruhusu kila mtu awe na uzito wake na kelele zake, zimelimaliza tatizo. Stephane Hess na John Rose walijibu mwaka 2012, na jibu lao bado lina nguvu: modeli hizo zinapata unyumbufu zaidi wa kueleza data, lakini haziwezi kutenganisha mapendeleo na kelele kwa mtu mmojammoja, kwa sababu viwili hivyo vinaonekana kwenye data vikiwa vimeshazidishwa. Hesabu haiwezi kutoa habari ambayo haikukusanywa.

Basi kwa nini tusiwape watu wote dodoso moja? Pale inapowezekana, tuwape. Lakini dodoso moja lililochapwa mara mbili halileti mtihani mmoja kwa makundi mawili. Muuguzi mhitimu wa Kenya anaweza kusoma kadi zenye maelezo marefu kwa Kiingereza. Mkazi wa kijiji asiyesoma anahitaji picha na mhojaji anayeeleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya hapo. Posho ya shilingi za Kenya haina maana Bangkok, na bima inayomhangaisha mhitimu wa Thailand huenda haipo kabisa kwenye fikra za mhitimu wa nchi nyingine. Ukilazimisha usawa wa karatasi, unaweza kuharibu usawa wa uelewa, na kundi moja litajibu maswali yasiyoihusu dunia yake. Kwa hiyo madodoso yatatofautiana, na mara nyingine yanapaswa kutofautiana. Ninachokataa ni kuyaacha yatofautiane yote kwa pamoja, kundi hili na dodoso lake, lile na lake, bila mahali hata pamoja pa kukutana.

Mahali pa kukutana panatengenezwa kwa kuvusha. Mfanyabiashara akiona gunia la mahindi kutoka kwa mkulima mmoja lina kilo nyingi kuliko la mwingine, na kila gunia lilipimwa kwenye mizani yake, atachukua magunia hayo ayapime kwenye mizani zote mbili. Kwenye majaribio ya machaguo hatua hiyo inamaanisha kwamba sehemu ya kila kundi, iliyochaguliwa kwa nasibu, inapewa dodoso lililotengenezwa kwa ajili ya kundi jingine. Tunapata vyumba vinne badala ya viwili. Tukilinganisha madodoso mawili ndani ya kundi A, watu ni walewale kwa wastani, hivyo tofauti yoyote ni ya dodoso. Tukilinganisha A na B waliojibu dodoso moja, tofauti inabaki kuwa ya watu, ikiwa ni pamoja na namna wanavyolielewa dodoso hilo. Na vyumba vinne vinajibu swali ambalo viwili visingeweza hata kuuliza: je, dodoso refu linawachosha B kuliko linavyowachosha A? Ikiwa jibu ni ndiyo, tumejifunza kwamba hakuna namba moja ya kurekebishia, na kila ulinganisho utajwe pamoja na dodoso lake. Pale ambapo kuvusha dodoso zima ni jambo lisiloingia akilini, kama kwa mwanakijiji na kadi za Kiingereza, kuna kadi chache za pamoja zenye sifa zilezile, viwango vilevile na chaguo lilelile la kukataa, zinazowekwa mwanzoni kabla uchovu haujaingia. Hizo ndizo mizani ya pamoja.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko mengine. Linasema kelele nazo ni ukweli kuhusu watu. Kundi lenye majibu yanayoyumba huenda kweli halijaamua linataka nini, na kulifuta yumbo hilo ni kuficha jambo ambalo mtunga sera anapaswa kulijua. Nakubaliana na nusu ya hoja hii. Kuyumba kunakotokana na watu ni matokeo halali na yaandikwe hivyo. Lakini kuyumba kunakotokana na kadi ya kumi na sita hakutamfuata tabibu siku anaposaini mkataba wa ajira, hivyo hakustahili kuingizwa kwenye utabiri wa wangapi watakubali kwenda. Kinachoweza kutenganisha hivi viwili ni kuvusha, na zaidi ya hapo, data za maamuzi halisi. Moshe Ben-Akiva na Takayuki Morikawa walionyesha tangu mwaka 1990, kwenye masuala ya usafiri, namna ya kuunganisha kile watu wanachosema watachagua na kile walichochagua kwa kweli, kelele za kila upande zikikadiriwa peke yake. Wizara zina kumbukumbu za waliopangiwa vituo, walioripoti na walioondoka baada ya mwaka. Kumbukumbu hizo ni kipimo cha kelele ambacho hakuna jaribio la karatasi linaloweza kukitoa.

Wapo waliokwisha kukusanya data, fedha zimeisha na wahojaji wamerudi makwao. Kwao bado kuna la kusema, ila dogo kuliko wanavyotamani. Wanaweza kuchora grafu ya nukta na kuionyesha. Wanaweza kulinganisha mpangilio wa sifa kuanzia yenye nguvu zaidi hadi dhaifu, kwa zile sifa tu zilizokuwemo kwenye madodoso yote mawili na viwango vilevile. Wanaweza kuripoti uwiano kati ya sifa zisizo za pesa, kama masomo dhidi ya nyumba, ambako upana wa viwango vya pesa hauna pa kuingilia moja kwa moja. Hawapaswi kuchukua jaribio la takwimu lililoshindwa kuonyesha tofauti na kulitangaza kuwa ushahidi wa usawa, maana kwa sampuli ndogo jaribio hilo hushindwa hata tofauti ikiwa kubwa, na kwa sampuli kubwa hukamata tofauti ya senti. Afadhali waamue mapema ni tofauti ya kiasi gani ingebadilisha uamuzi, kwa mfano kama posho ya kundi moja ingehitaji kuzidi ya jingine kwa shilingi 50,000, kisha waonyeshe kama data zao zinaweza kuikataa au kuithibitisha tofauti ya ukubwa huo. Na wanaoanza sasa hawana sababu ya gharama ya kujitetea nayo. Kwenye kishikwambi, kumpa mhojiwa mmoja kati ya watano dodoso la kundi jingine kunahitaji mstari mmoja wa maelekezo kwenye programu na muda kidogo zaidi wa kuwafundisha wahojaji.